Malkia Wanane wa Baba

Mwanjelwa, Mbeya
14 Juni

Dada Faustina,

Ugonile, dada. Kifua cha shemeji kimepoa? Na mahindi mmeshayaingiza ndani? Huku baridi imekaza, lakini mimi mwili ni mzima. Baba ndiye hali yake si nzuri, na kwa simu nilishindwa kukueleza.

Unalikumbuka lile fumbo alilolianza na mama wodini mwaka jana: kuwapanga malkia wanane kwenye ubao wa sataranji, asiwepo wa kumla mwenzake. Mama alipofariki, baba aliendelea peke yake. Kila asubuhi alikaa barazani na ubao wake, na kila mpango mpya aliuandika kwenye daftari. Alikuwa amefika wa thelathini na saba.

Mwezi uliopita nikaandika programu ya kompyuta ya kulitatua fumbo hilo. Inaweka malkia mstari wa kwanza, inashuka wa pili, inatafuta nafasi iliyo salama. Ikikwama inarudi hatua moja, inamsogeza yule wa juu, kisha inajiita yenyewe, yaani inarudia kazi ileile, na kushuka tena, hadi njia zote ziishe. Siku tatu ilinitesa, kumbe nilisahau kumwondoa malkia kila inaporudi nyuma. Nilipoirekebisha, ilimaliza kabla sijapepesa jicho. Nikaichapisha mipango yote tisini na miwili, nikampelekea.

Baba alisoma kurasa zote, kidole kikifuata kila mstari. Akaniuliza kama hakuna mpango mwingine uliobaki. Nikamjibu kwamba hakuna. Akasema taratibu, "Sasa nitamwambia nini mama yako?"

Tangu siku hiyo hajaugusa ubao. Uji anaurudisha. Padri alipokuja, hakuinua hata macho. Daktari hakuona ugonjwa. Zile karatasi nimezichoma, nikamsihi aendelee na daftari lake. Alitikisa kichwa tu.

Dada, majirani wananisifu kwamba nilitaka kumsaidia mzee. Si kweli. Kila alipopata mpango mpya alimsimulia mama kwa sauti, akicheka, kana kwamba amekaa naye pale. Nilichoka kumsikia. Nilitaka anyamaze, na nilijua programu ingemnyamazisha. Amenyamaza.

Njoo, dada, hata kwa siku mbili. Ukichelewa, sidhani kama utamkuta. Msalimie shemeji na watoto, ila haya niliyoandika usiwasomee.

Mdogo wako,
Lusekelo