Anavyocheza Mwendawazimu

Jumatatu, 3 Juni 2002

Mchana, saiba kama kawaida, kwenye kompyuta za kulipia. Sikula. Mwendawazimu alikuwa anacheza. Mimi ndiye nimempa hilo jina. Kwenye mtandao wa chesi anatumia namba tu, na kando yake cheo cha grandimasta, kile cha juu kabisa. Dakika tatu kila mchezaji. Huyu mtu, ai! Anamtoa mfalme mapema kabisa, kama mzee anayetoka kuota jua. Kisha anatupa farasi bure. Mpinzani anamla, na baada ya hatua chache amekwisha. Mtandao ukakatika kabla ya mwisho. Nikamgombeza Kioko mwenye saiba. Hakuwa na kosa.

Jumanne, 4 Juni

Klabu ya chesi. Mwalimu Muthama amenichapa tena ubaoni. Jumamosi tunagombania nafasi ya mwisho kwenye timu ya kwenda mashindano Nairobi, mimi na yeye. Hakuna mwanamke wa klabu hii amewahi kwenda. Naitaka kuliko kitu chochote.

Leo alinitegea askari, nikala. Akanitegea farasi, nikala. Malkia wangu akanaswa. "Mbithe, unacheza ni kama uko na njaa," akasema. Wote wakacheka. Nikacheka pia. Nilitaka kumrushia ubao.

Jumatano, 5 Juni

Nimejua! Ni drafti. Nimelelewa nayo kwetu Kathiani, mbele ya duka la baba, vifuniko vya soda juu ya kadibodi. Kwenye drafti ukiachiwa kete, lazima ule. Ukikataa, ya kwako inaondolewa. Kwenye chesi hakuna lazima, lakini mkono wangu hauulizi kichwa.

Leo nimemwangalia Mwendawazimu vizuri. Akitupiwa kete, yeye haili. Anasogeza askari wa pembeni, kana kwamba hakuona. Mwenzake anababaika, dakika zinakwisha. Wazimu uko wapi? Anawajua walafi, basi. Na mimi ni mmoja wao. Aibu tupu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimecheza na Kioko huku nimeukalia mkono wa kulia. Kweli, nimeukalia. Mteja akauliza kama nimeumia. Nimepoteza mbili, nimeshinda moja. Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni

Mchezo mmoja. Dakika tano kila mtu.

Muthama akatega askari. Mkono ukainuka wenyewe. Nikaurudisha chini ya paja, nikasogeza mfalme. Watu wakaguna. Akatega farasi. Sikula. Akaacha kuangalia ubao, akaniangalia mimi. Mwalimu hajazoea kukataliwa. Akaanza kuwaza, na ukiwaza saa inatembea. Kwa hasira akatupa ngome. Hiyo nikaikagua mara mbili. Haikuwa na mtego. Nikala.

Saa yake ikaisha. Akanipa mkono. "Hiyo ngome nimejimaliza mwenyewe," akasema. "Enda Nairobi."

Nilienda nyuma ya jengo, nikalia kama mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa Muthama alikuja nyumbani. Hakuketi. Alileta fulana ya timu, imekunjwa vizuri, haijawahi kuvaliwa. Mgongoni fundi alikuwa ameshatarizi jina: MUTHAMA. Alikuwa na uhakika kiasi hicho. Nilimhurumia, na sikutarajia.

Mama na mimi tumekaa mlangoni jioni nzima tukifumua herufi kwa wembe, uzi kwa uzi. Vitundu vidogo vimebaki. Ukiangalia karibu, jina bado linasomeka.

Nitaivaa hivyo hivyo.