Wito wa Pili

Guka,

Babu yangu, nimelipiza. Nakuandikia kabla hata ya kuvua viatu, midomo bado imevimba, na nikiulizwa kama najuta nitasema la.

Unalikumbuka lile jiwe la kumbukumbu la kwetu Waithaka, la majina ya vijana waliojitolea kwenda vita vya Burma. Siku lilipozinduliwa ulivaa koti lako la kijani tangu asubuhi, ukakataa chai isije ikalimwagikia. Kitambaa kilipoondolewa ulipitisha kidole kwenye majina yote mpaka chini, ukarudi juu ukaanza tena. Mimi nilikuwa nimekushika kiwiko. Ukaniambia polepole, "Mke wangu, hebu nisomee wewe, macho yangu yamechoka." Umeniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la cucu, mkeo. Nikasoma. Hukuwemo.

Mzee Gatimu, mwenyekiti wa kamati ya jiwe hilo, alikuwa amewaambia wenzake kwamba wewe hukujitolea, ati ulishikwa na askari wa chifu ukapelekwa kwa nguvu. Gatimu! Mtu uliyetoka naye asubuhi moja mkatembea hadi mjini kujiandikisha, mkigawana kiazi kimoja njiani. Na yote kwa nini? Kwa sababu ulimuuliza mbele ya watu kama zile nishani za ziada kifuani alizinunua soko la Gikomba. Watu walicheka, na yeye hakusahau.

Baada ya siku ile hukuitoa tena tarumbeta yako ya jeshini sandukuni. Daktari alisema ni kifua. Mimi nasema ni Gatimu. Na kwenye matanga yako alikuja, Guka, akakaa mbele, akaomba aongezewe chakula. Nilimpakulia mwenyewe. Nikajiambia, ngoja, siku za mwizi ni arobaini.

Siku yenyewe aliileta kwa miguu yake. Mwaka jana, kwenye kumbukumbu ya Novemba, walipiga wito wa mashujaa kwa kanda, redio ikaitafuna katikati, watu wakaangalia chini kwa aibu. Basi mwezi uliopita akanifuata hadi Ngara, kwenye duka la vitambaa ninakouza, akanisifu mbele ya wateja, akasema Waithaka nzima hakuna anayejua kupuliza isipokuwa mjukuu wako. Nikamwambia nitakuja, mzee. Kwa adabu kabisa.

Ulinifundishia nyuma ya zizi, ng'ombe akikataa kutoa maziwa kwa kelele zangu. Ulisema wito wa kwanza ni wa waliolala, wa pili ni wa walio hai. Kati ya miito hiyo miwili mwanajeshi hashushi mkono wa saluti wala hakai, hata mvua inyeshe, mpaka ausikie wa pili.

Leo nimepuliza wa kwanza. Nimeupuliza vizuri, hungeona aibu. Wazee wakasimama wima, mkono kwenye paji la uso. Kisha nikaikumbatia tarumbeta kifuani, nikamtazama Gatimu.

Jua likawaka. Mwanzoni walidhani navuta pumzi. Pasta akakohoa. Mtoto wa Gatimu akanifanyia ishara, akagusa midomo yake, nami nikamtazama kama sijui tarumbeta ni kitu gani. Mkono wa Gatimu ukaanza kutikisika. Akiushusha, wenzake wote wataona, yeye wa nishani nyingi, ameshindwa na mkono wake mwenyewe. Nilifurahi. Sitakuficha, Guka, nilifurahi sana.

Kilichoniuma ni Mzee Mbuvi, rafiki yako Mkamba wa mguu mbovu, ambaye huja kutoka Machakos kila mwaka. Naye alikuwa amesimama, jasho likimtiririka, na hakuwa amemkosea mtu. Kwa ajili yake nilikaribia kuinua tarumbeta. Lakini bila kugeuza kichwa akasema, kwa sauti ile yenu ya kambini, "Gatimu. Sema jina lake, tukae."

Akalisema. Mara ya kwanza alilimeza, Mbuvi akamwambia hajasikia. Akalirudia, na watu wa nyuma kabisa wakasikia: "Kamau wa Njuguna. Alijitolea. Tulienda pamoja."

Ndipo nikapuliza wa pili. Sauti ilinikwama mwishoni, unisamehe, nilikuwa nalia. Mbuvi alikaa kwanza, akaitisha chupa ya maji, akanywa nusu, nusu akaniachia.

Kamati imesema itamwita fundi achonge jina. Gatimu alinipa mkono, na mimi nikauficha wangu mgongoni. Watu wa nyumbani wanasema nimezidisha, yule ni mzee. Hata wewe ulikuwa mzee. Sijamsamehe, na usiniombe nimsamehe, maana wewe ni mpole na ungeniomba.

Lala salama, Guka. Cucu anakusalimu, amelianika koti lako. Novemba ijayo nitafika mapema, nipitishe kidole kwenye lile jiwe kutoka juu mpaka chini kama ulivyofanya. Nisipolikuta jina lako, wa kwanza nitaupuliza. Wa pili wataungoja.

Mke wako mdogo,
Wanjiru