Kofia ya Balozi

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimefanya wazimu. Kaleb, katibu wa umoja wetu wa wafanyabiashara, alipita dukani kwangu hapa Kabuku anatafuta mdhamini wa chakula cha mchana kule Korogwe. Balozi mstaafu Misigalo atazungumza juu ya Tanzania na mambo ya nje, watu wanakula na kusikiliza. Nikasema natoa mimi. Mchele, mbuzi, maharage, kila kitu! Kaleb akachungulia nyuma yangu, nadhani alitaka kumwona aliyesema.

Akauliza, kumbe mama unafuatilia mambo ya nje? Nikajibu kwa sauti ya redio: sana.

Mimi! Darasa la saba la Misima! Mambo ya nje ninayoyajua ni mtu mmoja, Munira wangu, na yuko Maskati jikoni kwa watu. Tangu Ramadhani simu yake haipatikani. Mara ya mwisho alisema bosi ameshika pasi yake ya kusafiria, mama niombee – ikakatika. Wakala aliyempeleka hapokei. Ofisi ya serikali nilikokwenda wamesema nisubiri. Nasubiri.

Balozi huyu amefanya kazi Uarabuni miaka mingi. Nina swali moja la kumuuliza. Udhamini wangu ndio huo. Mola anisamehe, Kaleb anadhani ni maendeleo.

Ijumaa, 11 Julai

Mume wangu Awadhi, baba Munira, kacheka mpaka kakohoa. Eti kwa nini nisimpigie tu balozi simu? Awadhi naye! Mtu mkubwa haendewi mikono mitupu. Mlishe kwanza, aseme alhamdulillah, ndipo uulize. Akasema basi swali lako lina pembe na kwato.

Nafanya mazoezi kwenye kioo cha kabati. "Mheshimiwa Balozi, itifaki imezingatiwa..." Nikifika hapo mwanangu ananitoka kichwani, inabaki itifaki.

Alhamisi, 17 Julai

Kaleb kanitumia bango. Picha yangu ubavuni kwa balozi. Yeye anatabasamu, mimi nimekodoa kama niliyeulizwa leseni na trafiki. Chini: MDHAMINI MKUU. Nikaituma kwa kila mtu. Kila mtu! Hata ustadhi wangu wa madrasa. Kisha nikaona haya, nikaleta istighfari. Kisha nikaiangalia tena.

Nitakaa meza kuu. Maswali ni matatu tu, la kwanza la mdhamini. Nimenunua miwani gulioni. Macho yangu hayana tatizo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi kutoka Korogwe, miguu inawaka moto. Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Nilifika mapema, gauni jipya, miwani. Nikasema nichungulie jikoni kidogo, nisalimie tu. Kosa! Wapishi wa ukumbi wanaugeuza mchele wangu uji. Mchele wa Mombo! Serafina, shoga yangu Msambaa niliyemwomba asimamie, kakunja mikono pembeni. "Dada Mwantumu, nimewaambia. Wamesema wana cheti."

Nikavua miwani. Nikajifunga kanga. Nikashika mwiko.

Wadhamini wengine sijui wanafanyaje. Kwetu mwenye shughuli hawezi kukaa mbele anapigiwa makofi huku sufuria inaungua nyuma.

Balozi nikamsikia kwa spika, vipande vipande. Dunia imebadilika... jirani huchagui... makofi. Halafu sauti ya Kaleb: "Swali la kwanza, mdhamini wetu mkuu, Bi Mwantumu! Asimame tumwone!" Mimi napalia wali, makaa yako juu ya mfuniko. Serafina ananisukuma, nenda, nenda! Nikasema nimalizie upande huu tu. Mpishi wa kikwetu bwana! Nilipofika mlangoni ameshasimama mwingine anauliza bei ya mkonge. Wa pili naye mkonge. Wa tatu hakuuliza kitu, alishukuru tu, kwa urefu.

Basi. Maswali yakafungwa. Watu wakala, wakausifu wali. Nikarudi jikoni nikalia. Moshi una faida zake.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee mrefu, kavaa kofia ya pama. Balozi mwenyewe! Kaja kuwashukuru wapishi.

"Wali huu kapika nani?" akauliza. "Wakasema Mzigua, nikabisha. Mzigua namjua kwa bada tu, ugali wa muhogo."

Nikaganda. Mtu anayetania hivi ana asili yake. Nikasema, shikamoo mzee, kwenu wapi?

"Sikonge. Mnyamwezi halisi."

Mnyamwezi! Mtani wangu! Siku zote hizi namkariria itifaki mtani wangu! Tangu enzi za mababu Mzigua na Mnyamwezi hawaombani ruhusa wala hawakasirikiani.

Mkono sijui uliendaje. Nikamvua kofia.

"Mpagazi wewe! Babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wakala bure, na wewe leo umekula bure. Kofia hii hutoki nayo mpaka ujibu swali langu."

Kaleb mlangoni karibu azimie. "Mama! Huyo ni Mheshimiwa!"

"Kijana, tulia," balozi akamwambia. "Nimetekwa kihalali." Akageuza ndoo, akaikalia. "Haya mtani, uliza."

Hotuba yote ikayeyuka. Nikasema: mwanangu. Basi, neno hilo tu. Mwanangu. Serafina ndiye aliyenimalizia: jina, mji, pasi, simu isiyopatikana.

Balozi hakutania tena. Aliuliza taratibu, akaandika kwenye simu yake. Akasema haahidi, yeye ni mstaafu, ofisi hana, ana watu anaofahamiana nao tu. Nikamrudishia kofia. Akaisukuma.

"Mateka hakombolewi kwa maneno matupu. Nitaifuata nikiwa na jibu."

Akaenda zake juani na kipara chake.

Jumapili, 20 Julai

Kofia iko msumarini, juu ya kitanda. Awadhi anasema sasa analala chini ya ulinzi wa serikali. Kaleb kapiga, eti viongozi wamesema hawajapata kuona mdhamini kama mimi. Sikuuliza wana maana gani.

Jumatano, 30 Julai

Kimya. Kofia naipangusa kila siku, vumbi la malori haya. Jana nimejikuta naisomea dua. Kofia! Astaghfirullah. Wateja wanasema Mnyamwezi wa watu keshakwenda kwa mganga kuitafuta, nacheka nao. Serafina kaleta viazi vya kwao. Kakaa tu na mimi hadi nikafunga duka.

Ijumaa, 1 Agosti

Ujumbe! "Mtani mwizi. Kesho baada ya adhuhuri nakuja Kabuku mwenyewe kuchukua kofia. Pika wali, usitie itifaki."

Hakuna lingine. Nimegeuza simu juu chini kama vile maneno yamebaki ndani.

Kwetu habari mbaya haitumwi kwa simu. Mtu anakuja mwenyewe, anakaa, anaomba maji, ndipo anasema. Mzee kama yule analijua hilo. Lakini nani anakuletea msiba halafu anasema pika? Lakini mtani ndiye wa kwanza kufika msibani, na anatania mbele ya jeneza! Alisema ataifuata akiwa na jibu. Jibu gani, hakusema.

Awadhi: si umpigie umuulize. Nikaishika simu, nikaiweka. Mdhamini mkuu wa mambo ya nje anaogopa kubonyeza kitufe.

Jumamosi, 2 Agosti

Wali umeiva. Nimeupalia pande zote. Adhuhuri nimeswali, nikapoteza hesabu ya rakaa, nikairudia. Awadhi kavaa kanzu ya Idi, anasema ndiyo iliyokuwa safi. Serafina kaja tangu asubuhi, amefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Gari limeacha lami. Jeupe. Vioo vyeusi, sioni wako wangapi, wala kama mwanangu yumo.

Awadhi ananiambia, Mama Munira, vua hicho. Kipi? Napapasa kichwa – pama ya balozi, juu ya mtandio wangu! Sijui nimeivaa saa ngapi.

Limesimama. Mlango wa mbele umefunguka, kipara kimetoka. Wa nyuma bado –