Uyoga Bado Umelala

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, ya wifi yangu na ya watoto. Natumaini kifua cha yule mdogo kimepoa, na wewe mgongo unakuacha ulale. Sisi huku tunapumua. Ningefuata desturi ningekuandikia kwamba sisi wazima, mashaka ni juu yenu mlio mbali. Lakini wazima hatuko, na mashaka mengine, utanisamehe, nakuletea wewe mwenyewe.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Kaka, wewe unakatiza. Nikisema neno moja umeshanipa majibu matatu. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo kaa chini uisome mpaka mwisho.

Kwanza habari njema, ile unayoiulizia kila unapopiga, hata kabla hujamuulizia mama: matumbawe ya kwenye tangi la baba yamefunguka. Yote. Uyoga umetandaza kofia yake, Vifungo vimetoa vijinywele vyao vya kijani, na vile Viganja vinavyofumba na kufumbua siku nzima vimerudi kazini. Marehemu baba angekuwa hai angevuta kiti asiondoke tena. Haya, umefurahi? Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe unajua nusu, na hiyo nusu niliyokupa ilikuwa mbovu.

Unajua mama hasomi tena saa. Mke wa fundi saa, nyumba ina saa kumi na moja ukutani, na hakuna hata moja anayoiamini. Anachoamini ni tangi. Baba alizitega taa za tangi ziwake saa tatu asubuhi, na ikifika saa nne Uyoga unakuwa umechanua, naye baba anamletea mama chai pale pale kwenye kochi. Miaka tisa walifanya hivyo. Basi kwake mama, Uyoga ukiamka kumekucha: ataoga, atakula, atameza dawa zake. Uyoga ukibaki umejikunyata, bado ni usiku, na ukimpelekea uji anakutazama kama wewe ndiye uliyerukwa na akili. Nani anakula usiku? Kwa hiyo matumbawe yalipofunga, halikuwa jambo la pambo la sebuleni kama wifi alivyodhani. Mama alikuwa anakonda mbele ya macho yangu.

Yalianza kufunga wiki moja baada ya mama kuanguka bafuni. Uyoga ulirudisha vinywele vyake ndani ukang'aa kama umepakwa nta. Ukaniambia ni kawaida yake, unajichubua ngozi, nisubiri. Ni kweli ndiyo kawaida yake, hata baba alikuwa akisema hivyo. Nikasubiri. Wiki ya pili Vifungo vikafumba, halafu Viganja vikalegea vikalala juu ya jiwe. Hapo ndipo ulipojifanya daktari wa mbali. Nipime chumvi, nikapima asubuhi na jioni kwa kile kipimo cha baba, iko sawa. Nipime joto, liko sawa. Nigeuze pampu, pengine mkondo unayapiga usoni, nikageuza. Nipunguze mwanga, nikapunguza. Nitafute konokono wanaoyatafuna, nikakaa na miwani ya baba ya kutengenezea saa nikikagua jiwe moja moja mpaka shingo ikakakamaa. Hamna kitu. Na kadiri yalivyozidi kufunga ndivyo nilivyozidi kuyashika: kuyageuza, kuyasogeza, kuyafuta utando. Kila jioni mkono wangu ulikuwa humo mpaka kwenye kiwiko.

Siku hizo zote aliyemlisha mama hakuwa mimi. Alikuwa Mama Upawa. Yule yule aliyetupikia tangu mimi niko darasa la pili na wewe umeota ndevu tatu unazinyoa kwa mbwembwe. Mimi nilibembeleza, nikakasirika, nikalia. Mama hata kinywa hafungui. Mama Upawa alifunga mapazia, akawasha taa ndogo, akaja na bakuli mbili, akamwambia mama kwamba wao wawili wako zamu ya usiku, na aliye zamu lazima ale asije akasinzia kazini. Mama akacheka! Akala mpaka akakomba bakuli. Ikawa ndio mchezo wao kila asubuhi.

Nikuambie na hili, maana bila hili hutanielewa huko mbele. Mama alimwita Mama Upawa "mwanangu". Mimi, niliyeacha kazi yangu ya maktaba, niliyeacha chumba changu na maisha yangu nikarudi kulala kwenye kitanda changu cha utoto, mimi ananiita "dada", na si kwa heshima. Ananichukulia dada wa kazi. Siku moja alimnong'oneza Mama Upawa, mimi niko hapo hapo nakunja nguo, kwamba huyu dada mpya ni mchapakazi ila amenuna sana, labda kwao kuna matatizo. Mama Upawa alimwambia kwamba huyo ndiye binti yake wa kumzaa. Mama akamjibu asimtanie. Nilikwenda uani nikaanika shuka zilizokwisha kukauka.

Haya, tuje kwenye kopo. Ulisema mambo yote yakiwa sawa basi kuna mtu anapuliza dawa humo ndani, na ukaniamuru nipekue. Nikalikuta kopo la dawa ya mende chini ya sinki. Mama Upawa hakukana. Alisema amelinunua mwenyewe kwa ajili ya kabati la jikoni, lakini alipokumbuka onyo la baba kwamba tangi halitaki hata manukato, akaliweka bila kulitumia. Wewe kwenye simu ukaniuliza kama kopo lilikuwa limefunguliwa. Nikakujibu sikuangalia. Niliangalia, Kaka. Kifuniko chake kilikuwa bado kimevikwa nailoni ya dukani, haijaguswa hata na ukucha.

Ukapandisha sauti. Ukasema kikulacho ki nguoni mwako, ukasema umri umemzidi, ukasema tangi ndiyo kumbukumbu pekee ya baba na hutakubali liuawe na mpishi. Ukanipa siku tatu, aondoke. Na wewe simu yako ilikuwa kwenye spika, mbele ya mama, mbele ya Mama Upawa mwenyewe akiwa anamenya viazi. Alimaliza viazi vyake.

Aliondoka Jumamosi na begi moja. Upawa wake aliuacha kwenye msumari wake. Nilimsindikiza mpaka getini, akasimama pale akahangaika na zipu ya begi kwa muda mrefu, akiifungua na kuifunga, halafu akaniaga akaenda. Jumanne yake Uyoga ukaanza kufunguka. Nikakupigia, ukafurahi, ukaniambia si unaona, aliyekuwa anaua ameondoka na vilivyokuwa vinakufa vimepona. Nami nikakujibu kweli.

Sasa shika moyo.

Alhamisi, siku mbili kabla hajaondoka, nilimwita fundi wa matangi bila kukuambia, maana ungeniambia wewe unatosha. Fundi alikuja wakati Mama Upawa yuko sokoni. Hakupima chumvi wala joto. Alisimama kwenye ile mashine inayotoa uchafu wa maji kwa povu akaniuliza kama kuna saa za siku povu linakufa. Nikamwambia ndiyo, kila jioni linakufa, asubuhi linarudi. Akauliza jioni kunafanyika nini. Nikamwambia hakuna, mimi tu nasafisha kioo na kuyapanga matumbawe. Akaniomba mikono. Nikampa. Akaiinua puani akainusa, kisha akairudisha taratibu.

Unakumbuka mtaalamu wa viungo alitwambia, baada ya mama kuanguka, nimchue miguu kila jioni kwa ile dawa kali ya mafuta? Ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Namchua mama mpaka dawa inapenya kwenye mikunjo ya viganja vyangu, najifuta kwa taulo, halafu naingiza mkono kwenye tangi. Kila jioni ya Mungu, kwa wiki saba. Fundi alisema mafuta yale ndiyo yaliyoua povu na makali yake ndiyo yaliyoyafanya matumbawe yajifiche. Alisema hayaumwi, yalikuwa yananikimbia mimi. Akaweka mfuko wa mkaa wa kuchujia, akabadilisha maji, akaniachia glavu ndefu.

Kwa hiyo Alhamisi nilijua. Ijumaa nzima nilijua. Jumamosi pale getini nilijua. Ningesema neno moja tu na begi lingerudi ndani. Mdomo haukuwa mzito, usinionee huruma. Nilinyamaza kwa makusudi. Niliona kwamba akiondoka yeye, mama hatabaki na wa kumwita mwanangu ila mimi. Nilimwonea wivu mwanamke aliyenifunga kamba za viatu, na wewe ulinipa sababu ya kumfukuza, nikaichukua kwa mikono miwili. Tena hiyo hiyo mikono.

Malipo yake ni haya. Uyoga unachanua saa nne kama zamani. Mama anaamka, anautazama, anakubali kwamba kumekucha, kisha anauliza mwanawe yuko wapi. Namwambia, mama, ni mimi hapa. Ananiambia asante dada, nakuona, lakini mimi namngoja mwanangu tule pamoja. Na anangoja. Saa nne, saa sita, saa tisa. Zamani alikataa kula kwa sababu ni usiku. Siku hizi ni mchana, na bado hali. Nimejaribu mapazia, nimejaribu bakuli mbili, nimejaribu zamu ya usiku. Aliniambia mimi sijapangwa zamu hiyo. Daktari amempima juzi akatikisa kichwa. Amesema mwezi mmoja mwingine wa namna hii hauvuki.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Upawa, kwa mwanawe wa kike anakokaa sasa. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza kama mama anapozewa uji vya kutosha kabla ya kupewa. Nikamwambia yote, nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Hakushtuka. Akaniambia alijua tangu wiki ya pili, kwa kunusa tu taulo la tangi alipokuwa anafua. Hakutaka kuniaibisha mbele yako. Alidhani nitagundua mwenyewe. Na Alhamisi ile yule fundi alipishana naye mlangoni, akamweleza. Siku ile getini zipu ya begi haikuwa na shida yoyote. Alikuwa ananingoja.

Nilimsihi arudi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikufukuzwa na tumbawe." Kwa mama angerudi hata leo, alisema, lakini kwenye nyumba ambayo mmoja alimfukuza kwa sauti na mwingine kwa kimya, hawezi kuingia kwa kuitwa na mmoja tu. Mimi nimeshampigia magoti. Aliyebaki ni wewe. Si kwa simu, Kaka. Panda gari, ni mwendo wa saa tano tu kutoka kwako, umwombe radhi kwa mdomo wako mbele ya mwanawe, kama ulivyomtukana mbele ya mama. Nami unifanyie utakalo baadaye. Unikemee, usinisemeshe mwaka mzima, nimestahili. Ila nenda kwanza.

Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Majirani wote wanakusalimu. Mama nilimuuliza kama ana salamu kwa mwanawe wa kiume, akafikiri kidogo, akasema anakuombea heri wewe na nyumba yako. Na kuhusu yule dada mpya, alisema, usimfukuze, ni mtu wa kazi. Ni vile tu mikono yake inanuka dawa.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba