Rezista Niliyoiruka

Jumamosi, Gongo la Mboto. Jua kali, umeme upo, kisingizio sina.

Nimemwaibisha mtu mzima bure.

Kwenye diploma yetu ya jioni ya elektroniki, kila kundi lina mchoraji na mwenye kompyuta. Mwenye kompyuta ni mimi. Mchoraji wetu ni Mzee Kileo, fundi redio wa Ukonga, ambaye hata mwalimu anamwamkia. Yeye anachora saketi kwa penseli kwenye daftari, mimi nainakili kwenye programu ya majaribio.

Alhamisi tuliwasilisha. Saketi yenyewe ndogo tu: transista ya kwanza ikipokea sifuri, itoe karibu volti tano, iamshe transista ya pili, taa iwake. Skrini ikaonyesha sifuri nukta saba badala ya tano. Mwalimu akauliza kulikoni. Sikuangalia daftari hata mara moja.

"Mchoro wa mzee ndio una makosa," nikasema. "Mie nimeingiza kama ulivyo."

Darasa likacheka. Mzee akasema labda mambo haya yamempita, akafunga daftari lake.

Leo nimelinganisha mchoro wake na kazi yangu. Kati ya transista mbili yeye ameweka rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme. Mimi, kwa haraka zangu, nimepitisha waya mtupu, kwa hiyo transista ya pili ilikuwa inaivuta ile volti chini. Nikairudisha rezista. Nne nukta sita. Taa ikawaka.

Nilitamani isiwake.

Nakiri hapa, maana hapa sina wa kumdanganya: wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilifunga kompyuta nikaenda kufua, nikafua hata shuka zilizokuwa safi. Halafu nikampigia mzee, shikamoo ikatoka kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umepiga. Nimeuchora upya mara sita, bado sioni nilipokosea. Hebu nielekeze."

Mara sita! Siku mbili nzima mtu analitafuta kosa langu kwenye daftari lake.

Nikamwambia yote.

"Sasa Jumatatu," akasema, "na wenzetu utawaambia?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeomba hisani. Nikasema ndiyo. Kuomba msamaha nilisahau kabisa, na sasa naogopa kupiga tena.

Alhamisi sikuhitaji hata sekunde mbili kumtupia lawama. Jumatatu, mbele ya watu wale wale, nitaweza kusimama niseme ni mimi?