Wifi Kagoma Kuja Harusini kwa Sababu ya Status Zangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada kabla sijaharibu harusi ya mwanangu, maana chakula hakipandi, usingizi hauji, na yote ni sababu ya status za WhatsApp.

Wifi yangu Evaresta, dada wa mume wangu, ana duka la vitenge Bukoba, na kila asubuhi anaweka status ya kijembe, siku moja kaandika "Wengine hufagia wakisikia mgeni anakuja", nikajua ni mimi, maana Krismasi alipokuja alinikuta na ufagio mkononi, basi moyo ukaniwaka, nikapiga picha mkungu wa ndizi shambani nikaweka na maneno "Wa mjini wanakula jasho la nani?", kesho yake naye kaweka "Uchafu ni tabia", nami nikajibu kwa mbili, ikawa maharage yanaungua jikoni mimi nachungulia nani kaangalia, mpaka nikapandwa na mori nikaandika "Kuna waliorudi kwao si kwa bahati mbaya, ni kwa mdomo", na ndoa ya wifi, mshauri, ilishavunjika zamani.

Celestina tunayeimba naye kwaya akaipiga picha akamtumia. Wifi akampigia mume wangu Melkiory huku analia, kumbe vijembe vyake vyote vilikuwa vya jirani wa duka anayemwaga maji machafu mlangoni kwake! Status zangu alishazizima tangu Pasaka, eti alichoka kuangalia ndizi. Nimepigana peke yangu, na kusema kweli hilo la ndizi nalo limeniuma.

Sasa kasema, "Hiyo harusi tafuteni shangazi wa kukodi." Na huku kwetu shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi na kumkabidhi, bila yeye Melkiory kasema hakuna harusi. Mwanangu Ainembabazi ananiambia, "Mama, wewe ulishaolewa, mimi je?" Nisaidie. Niweke status ya kuomba msamaha?

Mimi Mama Bibi Harusi, Nyaishozi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Bibi Harusi, marahaba na pole. Jina lako umelificha, lakini umemtaja wifi, mume, mtoto na mwanakwaya, kwa hiyo Nyaishozi nzima imeshakujua.

Status ya msamaha? Toba! Yaani sumu iliyokuponza ndiyo unataka iwe dawa? Zamani mdomo uliponza kichwa, siku hizi ni kidole gumba. Wifi yako alikuwa anagombana na maji machafu, wewe ukayachota ukajimwagia mwenyewe.

Na lile la ndoa yake ni baya, dada yangu. Mwanamke aliyefungasha virago akarudi kwao ana kidonda, nawe umekitia chumvi mbele ya kwaya. Hapo sikutetei hata kidogo.

Simu si adui. Mwige wifi yako: kilichomchosha alikizima, akalala usingizi wake. Nawe zima status zote zinazokupandisha presha, ukianza na za Celestina. Asubuhi usiishike simu kabla ya chai, na ukiwa jikoni iache chumbani, maharage hayana subira. Ukikutana na neno la kuchoma, mpigie mwenyewe umuulize, "Wifi, hili ni langu?" Ukitaka kuweka picha, weka ya kitu kinachokufurahisha. Hata ndizi, lakini kwa kiasi jamani!

Sasa harusi. Jumamosi panda gari la Bukoba, wewe na Melkiory. Bebeni kahawa ya kutafuna, kama desturi yenu inavyotaka. Ukifika usianze habari za ufagio, wala usimtaje Celestina. Sema, "Nimekukosea, nimekutonesha kidonda, na mwanao anakuhitaji." Halafu nyamaza. Akuseme mpaka aishiwe, ana haki.

Akikusamehe mkakumbatiana mkalia, lieni sana.

Hiyo picha usipige.