Tarehe Niliyomficha Binti wa Ami

Mpendwa Bi Kissa,

Shikamoo. Naomba unishike mkono, nina miaka kumi na minane, nimemaliza sekondari mwezi uliopita na ninaishi Guangzhou na wazazi wangu, baba ana ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu Dasha, na jambo hili sijamwambia mtu kwa sababu mimi hata kuagiza chai mgahawani naona haya.

Tunaishi na binti wa ami yangu, nitamwita Swalha ingawa si jina lake, tumelingana umri na kila mtu anampenda kwa kuwa anajua kuongea, tukienda Xintang kuchukua jinzi za wateja yeye anabishana bei kwa Kichina na laoban mwenye karakana mpaka bosi yule anacheka na kumwongezea mikanda ya bure, kisha ananigeukia mimi na kumuuliza Swalha, "Na huyu dada yako, bubu?" Wote wanacheka. Swalha naye anacheka. Mimi ndiye ninayejaza hati zote za makontena ya baba yanayotoka bandari ya Nansha, lakini hiyo nani anaiona?

Sasa Swalha amechagua kusomea uuguzi ili aende kufanya kazi Ujerumani, na tangu aseme hivyo nyumbani hakuna mazungumzo mengine, mama anamwambia, "Wewe ndiye utakayetutembeza Ulaya," mama yangu mimi, Bi Kissa, si wake, na mimi kwenye fomu ya chuo nilikuwa nimeandika usafirishaji wa mizigo lakini siku hiyohiyo nikafuta nikaandika uuguzi, chuo kilekile, ilhali siku baba alipojikata kidole akifungua maboksi mimi ndiye niliyeona kizunguzungu, wakamwacha yeye na damu yake wakaja kunipepea mimi.

Lakini lililonitoa usingizi ni hili. Swalha anaongea Kichina ila hakisomi, kila karatasi ananiletea mimi, "Hebu nisomee hivi vijiti vyao," na Jumatatu chuo kilituma tangazo kwamba mwisho wa kupeleka fomu si tarehe thelathini tena, ni ishirini, na cheti cha afya lazima kiwe na muhuri wa hospitali, nakala ya kivuli haipokelewi. Nikasoma lote. Akaniuliza, "Wanasemaje?" Nikajibu, "Hakuna jipya." Akanishukuru, akanimegea nusu ya chungwa lake, nikalila. Fomu yangu nimeshapeleka.

Je, uuguzi ndio utakaonipeleka nje, au nisomee nini? Na nikimwambia sasa, si atanichukia?

Mwenye haya, mtaa wa Xiaobei

*

Mwanangu mwenye haya,

Umeniuliza maswali mawili na umeyapanga vibaya. Leo ni tarehe kumi na sita. Nimeruka barua za wenzako ili nikujibu, kwa sababu zimebaki siku nne na muhuri wa hospitali haupatikani kwa saa moja. Weka simu chini, kamwambie, kisha urudi tumalizie.

Umerudi? Kama hukwenda, usiendelee kusoma, hayatakufaa.

Najua inavyochoma mama yako akimsifu mwingine na wewe umekaa hapohapo. Kuona wivu si kosa. Kosa ni lile "hakuna jipya", na hilo ulilisema vizuri sana kwa mdomo unaotuambia kuwa huna. Chungwa nalo ukalila!

Haya, shahada. Uuguzi ni kazi ya heshima, na mgonjwa wa Ujerumani hana kosa lolote hata auguzwe na mtu atakayeanguka kabla yake. Hukuchagua uuguzi, ulichagua sifa za Swalha. Na hakuna shahada inayomvusha mtu mpaka kwa jina lake tu. Taja kwanza nchi moja unayoitaka, halafu uliza: huko wanaitambua shahada ya chuo hicho? Kuna mtihani wa leseni? Wanataka lugha gani, kwa kiwango gani? Mtafute mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo leo, umwandikie. Kuandika unaweza, nimeona. Mweleze na baba yako kwamba ulifuta usafirishaji kwa hasira za siku moja, na uwaandikie chuo kesho asubuhi kuuliza kama fomu inabadilishwa kabla ya ishirini. Tarehe hiyo ni yako pia.

Nani anaiona kazi yako, umeuliza. Aliyeiona kwanza ni Swalha, ndiyo maana kila karatasi anakuletea wewe. Nyumba nzima ilikutegemea usome tangazo lile, nawe ukalitumia kumuumiza mtu aliyekuamini.

Kama ulimwambia kwa kunong'ona mlangoni ukakimbia, rudi tena. Chukua karatasi, liandike tangazo lote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, usiache hata neno la muhuri, umpe mkononi, kisha uende naye hospitali ukasome vibao. Usianze na samahani. Anza na tarehe.

Bi Kissa